Msusi na Shemeji wa Chuma

Saa mbili na nusu asubuhi. Kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali, chumba chenye madirisha mapana na sakafu inayonukia sabuni, mwanamke mwenye gauni la maua anavua saa, anavua bangili, kisha anauinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Anauinua taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, na kuulaza ndani ya mkono mwingine, wa chuma.

"Shemeji, umeamkaje?" anakisalimu chuma.

Chuma hakijibu. Kinanguruma kidogo tu, kama friji ya zamani, halafu kinaanza kuinuka, na mkono wake unainuka pamoja nacho.

Huyu ni Mistari. Jina hilo halimo kwenye kitambulisho chake. Alipewa na wateja, kwa sababu nywele anazosuka hunyooka kichwani utadhani zimepigwa rula. Ana miaka arobaini na mitatu, na tangu usichana wake kazi yake imekuwa hiyo moja, kusuka.

"Nimesuka mama, nikamsuka binti yake, nilikuwa naelekea kwa mjukuu," anasema bila kuondoa macho kwenye skrini iliyo mbele yake. "Ndipo kiharusi kikaja kunikatiza mazungumzo."

Leo si siku kama nyingine. Jioni hii, katika saluni aliyoifanyia kazi miaka yote, anatakiwa asuke kichwa kizima, mwanzo hadi mwisho, mbele ya mwenye saluni. Akimaliza, kiti chake cha karibu na dirisha kitakuwa chake tena. Akishindwa, kuanzia kesho kina mwenyewe mwingine.

Ukimuuliza kama ana wasiwasi, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule upande mwingine ukifuata kwa kuchelewa kidogo.

"Wasiwasi wa nini? Nywele hazijahama. Ziko palepale kichwani."

Mashine inayomshika mkono ina viungo kama vya binadamu. Kimoja kinakaa usawa wa bega, kingine usawa wa kiwiko, na cha mwisho kwenye kifundo cha mkono. Kote kumewekwa sponji nyeusi na mikanda ya kubandika. Kwenye skrini kuna mti wa machungwa na kikapu. Mgonjwa anapouinua mkono wake, mkono wa kwenye skrini unainuka nao, unachuma chungwa, unaliweka kikapuni.

Aliyeibatiza mashine jina la Shemeji ni mume wa Mistari, fundi pikipiki mwenye gereji ndogo nyuma ya nyumba yao. Siku ya kwanza alimsindikiza mkewe, akakaa kwenye benchi la ukutani, akatazama mkewe akifungwa kwenye mashine mkanda mmoja baada ya mwingine.

"Nikasema, jamani, huyu anamshika mke wangu mkono mimi nikiwa nimekaa hapahapa," anasimulia mume huyo. "Basi bora awe ndugu yangu. Nikamwambia mke wangu, msalimie shemeji yako."

Jina likashika. Sasa hata wazee wanaokuja kwa magongo huuliza mlangoni, "Shemeji ana nafasi?"

Kiharusi kilimkuta Mistari kazini, siku ya Jumamosi, saluni ikiwa imejaa hadi nje. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, amefika nusu ya kichwa.

"Nilimwambia mteja, geuza kichwa kidogo. Akanijibu, 'Dada, mbona unaongea kama una pipi mdomoni?' Nikadhani ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka."

Aliyeuona uso wake kwenye kioo ni mwenye saluni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye wasusi wote wanamwita Mama Mkubwa. Aliona mdomo umevutwa upande. Aliona rasta zimemponyoka Mistari mkono wa kushoto na zinaning'inia. Alitoka nje, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akampakia.

Kwa sababu alifikishwa hospitali mapema, Mistari yu hai na anazungumza. Maneno yalirudi kwanza. Mguu ukarudi baadaye, ukaacha gongo. Mkono wa kushoto ukabaki umelala pajani, vidole vimejikunja, kama mtu aliyekasirika na hataki kuambiwa jambo.

Waliokuja kumpa pole walimwambia ashukuru kwamba si wa kulia.

"Nilikuwa nawaitikia, nasema nashukuru," anasema. "Lakini moyoni najiuliza, hawa watu wamewahi kumwona msusi akifanya kazi? Wa kulia unachana njia na kuokota nywele. Wa kushoto ndio unaoshika, unabana, unahesabu. Ukiachia wa kushoto, huna msuko, una nywele tu. Msusi hana mkono wa kulia na wa kushoto. Ana mikono miwili, basi."

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni. Msusi hufanya kazi mikono ikiwa hewani. Kichwa cha mteja kiko kifuani pake, viwiko viko juu, na vinakaa juu kwa saa nyingi. Vidole ndivyo vinavyosifiwa. Bega ndilo linalobeba.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa. Mistari anamwita Kipara, mbele ya wakubwa zake na nyuma yao.

"Siku ya kwanza aliniangalia kichwa, akatikisa chake," anasema Kipara. "Akaniambia, 'Dokta, nitakulipa fadhila zote, ila kukusuka sitaweza. Huna hata cha kushikia.'"

Kipara anaeleza kazi ya mashine kwa maneno mepesi. Baada ya kiharusi, mkono wenyewe haujaharibika. Iliyokatika ni njia ya kutoka kwenye ubongo kwenda mkononi. Ubongo unaweza kuchonga njia nyingine pembeni, lakini unataka kurudia, na kurudia, na kurudia tena.

"Mimi nikimwinua mgonjwa mkono kwa mikono yangu, baada ya muda nachoka, naye anachoka kuniona nimechoka," anasema. "Mashine haichoki. Inampa marudio mamia kwa mamia. Lakini haiponyi mtu. Nawaambia kila siku, anayepona ni wewe."

Mistari alilipokea somo hilo kwa namna yake. "Aliponiambia habari za kuchonga njia, nikamwambia, hapo umefika kwangu. Kuchana njia ndiyo kazi niliyoisomea."

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakulishika, na hilo ndilo lililomwaibisha.

Mashine hii ina vitambuzi vinavyopima nguvu ya mgonjwa. Akiinua mkono kidogo, mashine inamalizia kilichobaki. Akijitahidi zaidi, inapunguza. Ni kama mama anayemfundisha mtoto kushika kijiko. Anakishika kiganja kile kidogo ndani ya chake, anakipeleka mdomoni, na kila siku analegeza kidogo, hadi siku moja anagundua kwamba kijiko kinakwenda chenyewe.

Kwenye skrini, chini kabisa ya mti wa machungwa, kuna mstari mwembamba wa buluu. Huo ndio unaoonyesha mgonjwa ametoa nguvu kiasi gani. Mistari alikuwa hautazami. Alikuwa anatazama machungwa.

Na machungwa yalikuwa yanajaa. Wiki baada ya wiki kikapu kilifurika. Wagonjwa wenzake waliokaa kwenye benchi walimpigia makofi. Mwishowe ikafika siku ambayo hakuangusha chungwa hata moja, na alipotoka hapo hakwenda nyumbani. Alikwenda saluni.

"Sikumwambia mtu. Wala Kipara, wala mume wangu. Nilitaka wasikie kwa watu."

Saluni ni chumba kimoja kirefu chenye vioo upande mmoja na viti upande mwingine. Kwenye kiti cha karibu na dirisha, kwenye mwanga mzuri kuliko mahali pote, alikuwepo msusi mgeni, binti mwepesi wa mikono. Akampisha kwa heshima. Mteja wa siku nyingi alipomwona Mistari alipiga kelele za furaha, akakaa bila hata kuulizwa.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye bega la mteja. Mstari wa pili, kiwiko kikaanza kushuka. Alijaribu kukiinua kwa kupandisha bega, halafu kwa kupinda kiuno, hadi akawa amesimama upande kama mlango uliong'oka bawaba. Vidole vikachoka. Vilipochoka vikafanya kile ambavyo vimezoea tangu augue. Vikajifunga ngumi. Nywele za mteja zikiwa ndani.

"Wee! Nywele zangu! Dada, achia!"

"Naachia!"

"Huachii!"

"Nakwambia naachia, mkono ndio hautaki!"

Ilibidi Mama Mkubwa na yule binti wafungue kidole kimoja kimoja. Baadhi ya watu kwenye viti walicheka, si kwa ubaya, na Mistari naye alicheka, kwa sababu lililobaki lilikuwa kulia.

Mama Mkubwa alimvuta nje, kwenye kivuli cha ukuta. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, na wote wawili wanayakumbuka vilevile.

"Mdogo wangu, nakupenda, unajua."

"Najua, Mama Mkubwa."

"Lakini kiti kile hakiwezi kukaa bila mtu, na yule binti hawezi kuwa leo yuko, kesho hayuko. Ana maisha yake. Nakupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Njoo unisukie kichwa kizima. Si cha kupendeza, twende kilioni tu inatosha."

Twende kilioni ni msuko rahisi kuliko yote, mistari inayotoka usoni kwenda kisogoni, wa kwanza ambao kila msusi hujifunza. Kumtajia Mistari twende kilioni ni sawa na kumwomba dereva wa lori aonyeshe kama anaweza kufungua mlango wa gari.

"Hapo ndipo paliponiuma," anasema. "Kwa sababu nilijua hata hiyo siiwezi."

Kesho yake alifika hospitali kabla mlango haujafunguliwa. Kipara alipotokea na funguo zake, alimkuta amesimama.

"Umenidanganya," alimwambia.

"Shikamoo kwanza haipo leo?" alijibu Kipara, ambaye kwa umri ndiye aliyepaswa kuitoa.

"Usinitanie. Nimechuma machungwa bustani nzima, nimekwenda kusuka, nimemkamata mtu nywele kama mwizi."

Kipara alimkalisha, akawasha skrini, akaweka kidole kwenye ule mstari wa buluu. Ulikuwa mfupi, haujafika hata katikati.

"Machungwa ni yenu wawili, wewe na Shemeji," alimwambia. "Huu hapa chini ndio wako peke yako. Kosa langu ni kwamba sikuuliza kama unauona."

Mistari aliupima kwa kidole. Kisha akatoa amri, kama anavyotoa kwa mteja anayechezacheza kitini. "Basi mwambie Shemeji akae pembeni. Zima msaada wote."

Kipara akakataa. Alimweleza kwamba akiuzima wote kwa mara moja, mwili utatafuta njia ya mkato, utainua mkono kwa bega na kiuno kama ulivyofanya saluni, na hatimaye bega litaumia. Msaada utapunguzwa kidogo kidogo, na macho yatoke kwenye machungwa yahamie kwenye mstari wa buluu.

Halafu akauliza swali ambalo Mistari hakulitarajia.

"Nyumbani, nani anakufunga vifungo?"

"Mume wangu."

"Nani anakumenyea viazi?"

"Yeye."

"Nani anakukamulia nguo?"

"Mume wangu, nimeshakwambia. Nimeolewa vizuri, tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba umeolewa vizuri mno," alisema Kipara.

Mume akaitwa. Akakaa kwenye lile benchi, mikono yake yenye weusi wa oili usiotoka juu ya magoti, akasikiliza kwamba upendo wake wa miezi yote hiyo ulikuwa unaulaza mkono wa mkewe. Tangu mkewe augue alikuwa amejifunza kupika, kufua, hata kumfunga kilemba, kilemba ambacho, kwa maneno ya Mistari mwenyewe, kilikaa kichwani kama kiraka kwenye tairi.

"Niliumia kidogo, sitaficha," anasema mume. "Unafanya kila kitu, halafu unaambiwa umezidisha. Lakini Kipara akaniambia kitu nikakielewa. Akasema, kuwa kama Shemeji. Subiri kwanza aanze. Akifika anapofika, wewe malizia tu pale palipobaki."

Kusubiri kulimshinda zaidi ya kupika. Mistari akianza kuhangaika na kifungo, mume alikuwa anaruka. Akifokewa, anarudi nyuma. Mwishowe alibuni njia. Mkewe akianza kazi yoyote ya mikono, yeye alikuwa anakaa kwenye kochi na kuikalia mikono yake, mmoja chini ya kila paja, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Unamwona amekaa pale, jasho linamtoka kuliko mimi," anasema Mistari na kucheka. "Namwambia, pumua mume wangu, ni kifungo tu."

Hospitalini nako mambo yalibadilika. Siku moja Mistari aliingia na mfuko, akatoa kichwa cha plastiki chenye nywele, kile ambacho wasusi wanafunzi hujifunzia. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia kwenye zamu yake alifungua macho, akakutana na kichwa kisicho na mwili, akaliita jina la Mungu kwa sauti. Chumba kizima kikavunjika mbavu.

"Machungwa sitaki tena," Mistari alimwambia Kipara. "Mimi si mkulima."

Kipara alifikiri, akaona inawezekana. Akaiondoa mashine kwenye mchezo wa machungwa, akaiweka ibebe uzito wa mkono tu, bila kuuongoza. Wakakifunga kichwa kwenye meza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Jumamosi, mkono wa kushoto wa Mistari ulibaki hewani, na vidole vikapata nafasi ya kufikiria nywele tu.

Mstari wa kwanza ulichukua muda ambao zamani angekuwa amemaliza kichwa kizima na kunywa chai. Alipoufikisha kisogoni, aliupitishia kidole, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaufumua na kuanza tena.

Aliyekuwa wa kwanza kuona faida ya jambo hili ni mgonjwa mwenzake, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono wa kulia uliolala. Mwalimu alikuwa haji hospitali bila kitambaa kichwani, na hakivui hata joto likiwaje. Siku hiyo alimsogelea Mistari, akanong'ona.

"Hicho kichwa chako cha plastiki kinakulipa?"

"Hakilipi, Mwalimu. Wala hakina stori."

"Mimi nina stori." Akakigusa kitambaa chake. "Tangu niugue sijaweza kujichana. Mkwe wangu ananichana, lakini ananichana kama anafagia uwanja. Naona aibu kumwambia."

Alivua kitambaa. Nywele zake za mvi zilikuwa zimeshikana kama pamba iliyolowa. Mistari alizishika kwa mkono wa kulia, akazipima, akamwambia, "Keti, Mwalimu. Ila mimi sasa hivi ni mwanafunzi."

"Mimi na wanafunzi tunajuana. Ukikosea nitakuambia."

Kichwa hicho kilisukwa kwa siku mbili za mazoezi, mashine ikibeba kiwiko, Mwalimu akitoa alama kwa kila mstari. Alipojiangalia kwenye kioo cha simu ya Kipara, mwanamke huyo ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu pale, alikirudisha kitambaa chake kwenye mkoba badala ya kichwani.

"Saba juu ya kumi," alisema. Akatoka nje kichwa wazi.

Lakini Shemeji hatoki hospitali. Ana uzito, ana waya, na ana wagonjwa wengine. Jambo hilo ndilo lililomsumbua mume wa Mistari. Alikaa kwenye benchi siku kadhaa akiitazama mashine kwa jicho la fundi, akainama kuchungulia viungo vyake, hadi Kipara akamuuliza kama anataka kuinunua.

"Hapana," alijibu. "Nataka kujua inabeba vipi."

Baada ya siku chache alikuja na kitu ndani ya mfuko wa vipuri. Ulikuwa mkanda mrefu aliokata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ambao mafundi wanauita tyubu. Mwisho mmoja ulikuwa na kitanzi kipana kilichoshonewa kitambaa laini cha kuwekea kiwiko. Upande wa juu, mkanda ulikuwa na mafundo, moja chini ya jingine, ya kukamata kwenye kulabu.

Wazo ni rahisi. Kulabu inapigiliwa kwenye boriti juu ya mahali msusi anaposimama. Ukikamata fundo la chini, mkanda unakuwa mfupi, unavuta sana, mkono unabebwa. Ukihamia fundo la juu zaidi, mkanda unarefuka, unalegea, na mkono unajibeba wenyewe zaidi.

Kipara aliukagua kwa makini. Alimfunga Mistari, akamwambia ainue, ashushe, ageuke, huku yeye ameshika bega lake kwa vidole viwili akisikiliza kama linalalamika. Akataka kitanzi kipanuliwe na mkanda usogezwe mbele kidogo. Mume akarekebisha. Kipara akautazama tena, akasema unafaa, kwa masharti ya kupumzika kila baada ya mistari miwili.

"Nikamwambia mke wangu, huyu sasa ni Shemeji mdogo," anasema mume. "Huyu naweza kumtengeneza mwenyewe akiharibika."

Saa kumi jioni, saluni. Mwanga wa dirishani umelala juu ya kiti. Yule binti msusi ameshatoa machanuo yake, ameyapanga kwenye kikapu, na amesimama ukutani akisubiri kujua kama atayarudisha. Mume wa Mistari amepanda juu ya stuli, anapigilia kulabu kwenye boriti. Mama Mkubwa anatazama vumbi likianguka sakafuni.

"Ukinibomolea dari, fundi, utanijengea."

"Nitakujengea ghorofa, Mama Mkubwa."

Mistari anauliza mteja wake ni nani. Mama Mkubwa anavua kilemba, anakaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha karibu na dirisha, anajifunika taulo mabegani.

"Anza. Na ukinikamata nywele kwenye ngumi, nami nitakukamata."

Mistari anaingiza kiwiko kwenye kitanzi. Mume anakamata fundo la katikati kwenye kulabu, anashuka, anatafuta mahali pa kukaa. Anakaa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, anaikalia mikono yake.

Chanuo linachana njia. Mkono wa kulia unaokota, wa kushoto unabana. Mkanda wa tyubu unatikisika kidogo juu yao, kama kamba ya kuanikia nguo penye upepo mdogo. Baada ya mistari miwili anapumzika, anafungua na kufunga vidole, anaendelea. Mazungumzo ya saluni, ambayo mwanzoni yalikuwa yamekufa, yanarudi taratibu. Mtu anasimulia habari za jirani yake. Mtu anabisha. Mama Mkubwa anasahau kwamba yuko kwenye mtihani wa mwenzake, anaingilia kati, anageuza kichwa ili abishe vizuri.

"Tulia wewe," Mistari anamwambia, na kumrudisha kichwa mbele. Amemrudisha kwa mkono wa kushoto. Mumewe, pale alipokaa, anainama na kutazama viatu vyake kwa muda mrefu.

Jua linapofika ukingoni mwa dirisha, umebaki mstari mmoja, ule wa pembeni, juu ya sikio. Mistari anasimama. Anautazama mkanda. Halafu anakichomoa kiwiko chake kwenye kitanzi.

"Mke wangu," anasema mume, akiwa amenyanyuka nusu.

"Kaa."

Anakaa.

Mstari wa mwisho unakwenda polepole kuliko yote. Kiwiko kinatetemeka. Katikati ya njia vidole vinaanza kujikunja, naye anasimama, anavisubiri, anavisemesha kwa sauti ndogo ambayo hata Mama Mkubwa haisikii sawasawa. Vinalegea. Anaendelea. Anafika kisogoni, anafunga, anaachia.

Mama Mkubwa anasimama, anajisogeza kwenye kioo. Anageuza kichwa kushoto. Anageuza kulia. Anapitisha kidole juu ya sikio.

"Huu wa mwisho umepinda."

"Umepinda," Mistari anakubali.

"Hii mingine yote imenyooka."

"Hiyo mingine nilisaidiwa. Huo uliopinda ni wangu peke yangu."

Mama Mkubwa anautazama tena mstari ule. Yule binti wa ukutani ananyoosha mkono achukue chanuo la kufumulia, aurekebishe. Mama Mkubwa anaupiga mkono huo kofi jepesi.

"Usiuguse."

Kisha anamwambia binti huyo ahamishe kikapu chake kwenye kiti cha pili, maana msusi wa polepole anahitaji mtu wa haraka pembeni yake, na kazi ipo ya kuwatosha wote.

Mistari ana mipango tayari. Siku ambazo hana zamu ya mazoezi, atakuwa saluni, kwenye fundo la katikati, halafu la juu yake, halafu la juu kabisa. Na siku za mazoezi atafika hospitali mapema na machanuo yake, akae kwenye lile benchi la ukutani, kwa sababu ameshajua kuna nini chini ya vitambaa vya wanawake wanaosubiri Shemeji awape nafasi. Kipara ameahidi kulabu ya pili, juu ya benchi hilo. Mwalimu ameahidi kuleta wateja, na kutoa alama.

Lakini hayo ni ya kesho. Sasa hivi anakung'uta taulo, anafuta kiti, na Mama Mkubwa, mstari wake uliopinda ukiwa wazi juu ya sikio, anasimama mlangoni na kupaza sauti kwa wanawake waliokaa nje.

"Kwa Mistari, nani anafuata?"